Mwanga wa yavuyavu wafichua njia ya kimelea cha malaria

KATIKA zahanati na vituo vya afya vya Kaunti ya Bungoma, akina mama hupanga foleni wakiwa na watoto mgongoni na vitabu vya kliniki mkononi. Miongoni mwa chanjo ambazo watoto hao hupewa ni ile ya malaria, ugonjwa ambao umewahangaisha wakazi wa magharibi mwa Kenya tangu jadi.

Ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya maarifa kuhusu jinsi kinga hiyo inavyomkabili adui ilitokana na mnyama wa baharini asiye na mifupa, damu wala ubongo. Mnyama huyo ni yavuyavu, ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita pia konyeza. Hujulikana zaidi kwa kuwawasha waogeleaji kuliko kwa mchango wake katika tiba.

Hata hivyo, aina moja ya yavuyavu wa Bahari ya Pasifiki, iitwayo Aequorea victoria, ina protini ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kwa rangi ya kijani. Wanasayansi wameweza kuitia protini hiyo ndani ya kimelea cha malaria, kisha wakakifuata hatua kwa hatua kama mtu anayefuata mwenge gizani: kutoka kwenye mate ya mbu, kupitia ngozini, hadi kwenye ini.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Protini ya asili ilikuwa na kasoro nyingi, na ilibidi iboreshwe maabarani kizazi baada ya kizazi, kwa njia isiyo tofauti sana na ile ambayo watafiti wa Kitale walitumia kuwapatia wakulima mahindi ya chotara.

Ndoo za yavuyavu

Chanzo cha habari hii ni mwanakemia wa Japani, Osamu Shimomura. Mnamo 1961, akifanya kazi na Frank Johnson wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alisafiri hadi Friday Harbor katika jimbo la Washington kutafuta kitu kinachomfanya yavuyavu huyo atoe mwanga anapoguswa.

Wakati wa kiangazi hicho, walivua yavuyavu wapatao 10,000 kwa nyavu na ndoo, wakawakata kingo za miili yao zinazotoa mwanga, na kuzikamua. Siku moja, Shimomura alimwaga masalia ya majimaji hayo katika sinki. Maji ya bahari yaliyokuwa yakiingia humo yalipokutana nayo, sinki lote liliwaka kwa rangi ya buluu.

Jambo hilo lilimfumbua macho. Kilichowasha mwanga ni madini ya kalisi yaliyomo katika maji ya bahari. Mwaka uliofuata, 1962, watafiti hao walitangaza kugundua protini waliyoiita aequorin. Katika taarifa hiyo hiyo, walitaja kwa ufupi tu protini nyingine waliyoipata kando, iliyong'aa kijani ikimulikwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kubadilisha elimu ya viumbe. Leo inajulikana kote duniani kwa kifupi chake, GFP.

Shimomura aliendelea na uvuvi huo kwa miaka mingi, mara nyingi akisaidiwa na mkewe na watoto wao. Kwa jumla, yavuyavu wapatao 850,000 walipita mikononi mwao.

Mfano wa koti la bodaboda

Ili kuelewa kazi ya protini hiyo, tazama koti la manjano ambalo waendeshaji bodaboda huvaa katika barabara za Bungoma na Kitale. Mistari ya fedha iliyo juu ya koti hurudisha tu mwanga unaoipiga, kama kioo. Lakini kitambaa chenyewe cha manjano hufanya jambo jingine: hunyonya miale ya urujuanimno na ya buluu iliyomo katika mwanga wa jua, kisha huitoa ikiwa rangi ya manjano inayokaribia kijani. Ndiyo maana huonekana kana kwamba kinawaka hata mawingu yanapotanda.

GFP hufanya hivyo hivyo. Hunyonya mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Tofauti ni kwamba rangi ya koti hutengenezwa kiwandani, ilhali GFP hujitengenezea rangi yake yenyewe.

Protini hiyo ni mnyororo wa viungo 238 vinavyoitwa asidi za amino. Mnyororo huo hujikunja na kuwa kama pipa lenye mbavu 11. Katikati ya pipa, viungo 3 vinavyofuatana hushikana na kuunda kiini cha rangi. Kinachohitajika kutoka nje ni hewa ya oksijeni pekee.

Hapo ndipo thamani yake ilipo. Rangi za kawaida za maabarani hulazimu seli ziuawe na kulowekwa ili zionekane. Lakini ikiwa GFP hujijenga yenyewe, basi yatosha kuingiza jeni yake, yaani maagizo ya kuitengeneza, katika kiumbe chochote. Kiumbe hicho kitajitengenezea taa kikiwa hai.

Dereva aliyekosa tuzo

Aliyeliona hilo mapema ni Douglas Prasher, mtafiti wa Woods Hole nchini Marekani, ambaye mnamo 1992 alitangaza kuipata na kuisoma jeni ya GFP. Kwa bahati mbaya, fedha za utafiti wake zilikwisha. Kabla ya kuacha kazi hiyo, aliwapa wenzake wawili sampuli za jeni hiyo bila malipo.

Mmoja wao, Martin Chalfie wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliiingiza katika bakteria na katika mnyoo mdogo unaopitisha mwanga. Mnamo 1994 alionyesha mishipa ya fahamu ya mnyoo huyo iking'aa kijani akiwa hai. Wa pili, Roger Tsien wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alianza kuibadilisha protini yenyewe.

Shimomura, Chalfie na Tsien walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2008. Wakati huo, Prasher alikuwa akiendesha gari la kuwabeba wateja wa duka la magari mjini Huntsville, jimbo la Alabama. Chalfie na Tsien walimwalika Stockholm kushuhudia sherehe hiyo na kutambua hadharani mchango wake.

Kama mbegu za Kitale

GFP ya asili ilifaa yavuyavu, si maabara. Mwanga wake ulikuwa hafifu. Ilikuwa ikijikunja polepole, hasa katika joto la mwili wa mnyama kama panya au binadamu. Aidha, ilipendelea kumulikwa kwa miale ya urujuanimno, ambayo hudhuru seli hai.

Wakazi wa Kitale hawatashangazwa na jinsi kasoro hizo zilivyoondolewa. Katika mji huo, mpango wa kuzalisha mahindi bora ulianza mwaka wa 1955, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed iliasisiwa huko mwaka uliofuata. Watafiti walichukua mahindi ya Kitale na kuyachanganya na aina iliyotoka Ecuador, Amerika Kusini, na mnamo 1964 wakulima wakapewa mbegu ya H611. Kanuni ilikuwa moja: zalisha mimea mingi inayotofautiana, chagua iliyo bora, ipande tena, rudia.

Wahandisi wa protini hufuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa shamba lao ni sahani ndogo ya maabara. Huichukua jeni na kuisababishia mabadiliko madogo madogo yasiyopangwa. Kisha huingiza nakala hizo tofauti katika bakteria, ambao huzaana na kuwa vidoa maelfu kwenye sahani. Sahani humulikwa, na kidoa kinachong'aa kushinda vingine huchaguliwa na kuwa mzazi wa kizazi kinachofuata.

Kazi ambayo kwa mahindi huchukua msimu mzima, kwa bakteria huchukua siku chache.

Wakati mwingine, mabadiliko ya kiungo kimoja tu hutosha. Mnamo 1995 Tsien na wenzake walibadilisha kiungo cha 65 katika mnyororo wa GFP. Protini iliyopatikana iling'aa zaidi, ikakomaa upesi, na ikakubali kumulikwa kwa mwanga wa buluu badala ya urujuanimno. Mwaka wa 1996, vikundi viwili vya watafiti vilifichua umbo lake la pipa, na tangu hapo wahandisi waliweza pia kubuni mabadiliko kwa makusudi badala ya kutegemea bahati pekee. Zikapatikana protini za buluu, za samawati na za manjano.

Rangi moja ilikataa: nyekundu.

Nyekundu kutoka kwenye matumbawe

Rangi hiyo haikutakiwa kwa ajili ya urembo. Damu hunyonya sana mwanga wa buluu na wa kijani, lakini huuachia mwekundu upite. Jambo hilo huonekana wazi mtu anapoiweka tochi nyuma ya kiganja chake: mwanga unaopenya huwa mwekundu. Hivyo, anayetaka kuona ndani ya ngozi au ini lililojaa damu huhitaji taa nyekundu.

Jibu lilitoka tena baharini. Mnamo 1999 watafiti wa Urusi waliripoti kwamba wamepata protini zing'aazo katika matumbawe na jamaa zake, wanyama ambao, tofauti na yavuyavu huyo wa Pasifiki, hawatoi mwanga wao wenyewe. Baadhi ya wanyama hao walikuwa wakifugwa katika matangi ya maji mjini Moscow. Mojawapo ya protini hizo iling'aa nyekundu, ikapewa jina la DsRed.

Furaha hiyo ilifuatwa na kero. Protini hiyo hutembea kwa makundi ya nne nne yaliyong'ang'aniana. Ukiifunga kwenye kitu unachotaka kukifuata ndani ya seli, huvikusanya vitu hivyo pamoja na kuvuruga kazi yake. Tena, huchukua zaidi ya siku moja kukomaa na kuwa nyekundu kamili.

Maabara ya Tsien ililazimika kuyavunja makundi hayo. Kila walipolegeza mshiko, mwanga ulizimika, na ikabidi waurudishe kwa mabadiliko mengine. Mnamo 2002 walitoa protini nyekundu inayosimama pekee. Ilikuwa imebadilishwa mahali 33. Miaka miwili baadaye wakatoa jamii nzima ya rangi zilizopewa majina ya matunda. Iliyo maarufu zaidi ni mCherry, ambayo imetumika pia katika vimelea vya malaria.

Nchini Japani, kikundi cha Atsushi Miyawaki kilitangaza mwaka wa 2002 protini ya matumbawe iitwayo Kaede, ambayo huanza ikiwa kijani na kugeuka nyekundu ikipigwa kwa mwanga wa zambarau. Kwa njia hiyo, mtafiti anaweza kuitia alama seli moja kati ya nyingi na kuona inakoelekea.

Mbu hamwagi vimelea ndani ya mshipa

Je, taa hizo zilifichua nini kuhusu malaria?

Kwa miaka mingi, vitabu vingi vilieleza kwamba mbu jike wa Anofelesi anapouma, humwaga vimelea moja kwa moja katika damu, na dakika chache baadaye vimelea hivyo huwa vimefika kwenye ini. Hakuna aliyekuwa ameviona vikisafiri, kwa kuwa ni vidogo mno na ni vichache: makumi kadhaa, au mamia machache kwa kila mbu.

Wataalamu waliingiza jeni ya GFP katika Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya ambacho hakiwaambukizi binadamu. Kisha wakawaacha mbu wamuume panya aliyelala chini ya hadubini.

Walichokiona kilibadilisha maelezo hayo. Vimelea vingi huachwa ndani ya ngozi, nje ya mishipa. Huko huanza kutambaa kwa kasi huku na huko, vikitafuta mshipa wa damu wa kupenya. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa walionyesha mwaka wa 2006 kwamba baadhi huingia katika damu, wengine hupotelea katika mishipa ya limfu na kuishia kwenye tezi, na wengine hubaki ngozini.

Mwaka huo huo, kikundi kingine kilionyesha jinsi vimelea vinavyotoka kwenye ini. Vikiisha kuzaana ndani ya seli moja ya ini, hutoka vikiwa vimefungwa katika vifuko vilivyotengenezwa kwa utando wa seli hiyo yenyewe. Kwa kujifunika hivyo, huwapita askari wa mwili bila kutambuliwa, kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi.

La muhimu zaidi kwa chanjo lilionekana mnamo 2004. Katika panya waliokuwa wamechanjwa, vimelea vinavyong'aa vilipoingia ngozini vilikwama. Kingamwili zilizokuwa zikiwasubiri ziliwashika na kuwazuia kutambaa. Asiyeweza kutambaa hawezi kuufikia mshipa, na asiyeufikia mshipa hafiki kwenye ini.

Maana yake kwa mtoto wa Bungoma

Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, haikutokana na GFP. Utayarishaji wake ulianza mwaka wa 1987, kabla ya jeni ya yavuyavu kupatikana. Hufundisha mwili kuitambua protini inayofunika ngozi ya kimelea kinapotoka kwenye mate ya mbu. Mchango wa vimelea vinavyong'aa ni kuonyesha kwa macho mahali vita hivyo vinapopiganwa, na jinsi muda wake ulivyo mfupi.

Nafasi ya kingamwili kufanya kazi ni ule muda ambao kimelea kiko ngozini na katika damu kabla ya kuingia kwenye seli ya ini. Kikishaingia humo, kingamwili hizo hazikifikii tena. Kimelea kimoja cha Plasmodium falciparum, aina inayowaua watoto wa Afrika, hukaa kwenye ini kwa takriban wiki moja na kuzaa makumi ya maelfu. Hivyo, kumi wakizuiwa na mmoja akapita, mtoto anaweza bado kuugua.

Ndiyo sababu chanjo hiyo huhitaji wingi mkubwa wa kingamwili mwilini, na ndiyo sababu nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi 7 za Afrika kati ya 2009 na 2014, yakiwemo maeneo ya Siaya, Kombewa na Kilifi nchini Kenya, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika miaka 4 kwa watoto wa kati ya miezi 5 na 17 waliopewa dozi zote 4.

Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo kwa majaribio mnamo Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, na Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizochaguliwa. Ratiba iliyotumika ni mtoto achanjwe akiwa na umri wa miezi 6, 7, 9 na hatimaye 24. Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) liliidhinisha matumizi yake mapana Oktoba 2021, na Machi 2023 Kenya ikaipeleka katika kaunti ndogo zaidi za eneo hilo.

Tathmini iliyofanywa Kenya, Ghana na Malawi ilionyesha kuwa katika maeneo yaliyopewa chanjo, vifo vya watoto wa umri uliolengwa kutokana na sababu zote, isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo ya pili, R21, iliyofanyiwa majaribio Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa maeneo mengine, iliidhinishwa na WHO Oktoba 2023. Nayo huilenga protini hiyo hiyo ya kimelea.

Changamoto imekuwa dozi ya nne. Mtoto wa miaka 2 hapelekwi kliniki mara kwa mara kama mchanga, na wanaorudi kuipokea wamekuwa wachache kuliko wanaoanza. Kwa mzazi aliyeelewa jinsi vita vya ngozini vinavyokwenda, sababu ya kurudi iko wazi: dozi hiyo huongeza tena idadi ya askari ambao wameanza kupungua.

Kutoka Webuye hadi Kitale

Msafiri anayetoka Webuye kwenda Kitale kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hupanda mlima bila kuhisi sana. Mji wa Bungoma uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale takriban mita 1,900. Kwa kimelea cha malaria, tofauti hiyo ni kubwa.

Ili mbu aambukize, kimelea alichokifyonza kutoka kwa mgonjwa sharti kikue ndani yake kwanza. Kwa hesabu iliyotumiwa na wataalamu kwa miaka mingi, kimelea cha falciparum huhitaji takriban siku 12 katika joto la nyuzi 25, lakini karibu siku 28 katika nyuzi 20. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Hivyo, Bungoma hukabiliwa na malaria karibu mwaka mzima, ilhali nyanda za Trans Nzoia huweza kupumua kwa muda, kisha zikavamiwa na mkurupuko msimu wa joto na mvua unapopita kiasi. Wakazi wa nyanda hizo huwa na kinga ndogo, na hata watu wazima huugua vibaya.

Huko nako taa ya baharini ina kazi. Zamani, kujua kama kimelea kimekua ndani ya mbu kulihitaji kumuua na kumpasua. Kimelea kinachong'aa huonekana kupitia gamba la mbu aliye hai, na mtafiti anaweza kumkagua mbu huyo huyo siku baada ya siku. Protini hizo hutumika pia kama alama kwa wanaochunguza mbu waliobadilishwa jeni. Tangu mwaka wa 2000, ambapo mbu wa kwanza wa malaria aliyebadilishwa hivyo alitangazwa, viluwiluwi wenye jeni mpya wametambuliwa kwa kuwamulika na kuona wanaong'aa.

Utafiti wa mashinani haukomei hapo. Katika vijiji vya Webuye, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilinganisha jeni za vimelea vilivyopatikana kwa watu na kwa mbu waliokamatwa majumbani mwao. Matokeo yao ya mwaka wa 2021 yalionyesha kuwa watu wenye vimelea lakini wasioonyesha dalili ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwaambukiza mbu, zaidi ya mara mbili ya walio wagonjwa. Uchunguzi huo ulitegemea kusoma jeni, si kimelea kinachong'aa. Maswali ya kijijini hujibiwa kwa zana moja na ya maabarani kwa nyingine.

Isichofanya

Ni vyema kuondoa dhana potofu. Hakuna mtoto anayedungwa protini ya yavuyavu wala ya matumbawe, na chanjo hizo hazina jeni zake. Vimelea vinavyong'aa hufugwa katika maabara zilizofungwa. Nchini Kenya, viumbe waliobadilishwa jeni husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka wa 2009.

Vilevile, vipimo vya malaria vinavyotumika katika hospitali za Bungoma na Kitale havihusiani na GFP. Damu hutandazwa kwenye kioo, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, au hupimwa kwa kile kifaa kidogo cha plastiki kinachoonyesha mstari baada ya dakika chache.

Mbinu yenyewe ina mipaka pia. Panya si binadamu, na kimelea chake hukaa kwenye ini kwa takriban siku 2 tu badala ya wiki. Kinachoonekana kwa panya lazima kithibitishwe kwa njia nyingine kabla ya kuaminiwa kwa mtoto.

Taa isiyochuja

Tatizo lililowasumbua watafiti kwa muda mrefu ni kuchuja kwa rangi. Protini inayomulikwa kwa muda hupauka kama kanga iliyoanikwa juani, na picha hufifia kabla ya tukio kuisha. Mwanga ukiongezwa, seli huungua.

Kwa sababu hiyo, utafutaji unaendelea baharini. Mnamo 2013 ilitangazwa mNeonGreen, iliyoundwa kutokana na mnyama mwembamba kama samaki anayejizika mchangani. Mwaka wa 2022, kikundi cha Miyawaki kilitangaza StayGold, kutoka kwa yavuyavu mwingine, ambayo huvumilia mwanga kwa muda mrefu mno ikilinganishwa na zilizotangulia. Hiyo nayo hutembea wawili wawili, na kufikia 2023 wahandisi walikuwa wamezitenganisha, kama ilivyokuwa kwa ile nyekundu ya matumbawe.

Kwa Kenya, habari hizo zina uzito wa ziada. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, zina matumbawe ya jamii zinazobeba protini za aina hiyo. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliyapausha na kuyaua mengi. Tumbawe linapotoweka, jeni zake hutoweka nalo kabla ya yeyote kuzisoma. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya mwaka wa 2014, inayotaka nchi zenye viumbe zipate mgao wa haki wa faida itokanayo na jeni zake, lakini mgao huo hauwezi kudaiwa kwa kiumbe kilichokwisha kufa.

Wakati huo huo, vita vya kila siku vinaendelea kwa silaha zinazojulikana. Kwa kuwa kimelea kimoja tu kikipenya chatosha kumwangusha mtoto, idadi inayoingia ngozini haina budi kupunguzwa kwanza. Kazi hiyo ni ya chandarua kilichotiwa dawa, kinachomzuia mbu asiume, huku chanjo ikiwakabili wale waliopita. Kwa wazazi wa Bungoma, hilo lina maana ya kukitundika chandarua kila usiku hata kwa mtoto aliyechanjwa, na kukifungua kitabu cha kliniki ili kuhakikisha kwamba tarehe ya dozi ya nne haijapita.